Bastola Iliyofungwa Mpira wa Baiskeli

Siku ya kumaliza matanga, shemeji yangu alinyoosha mkono juu ya kabati la vyombo akachukua bastola ya upepo aliyokuwa akiitumia marehemu mume wangu. Kwetu jembe la marehemu, panga lake na mkuki wake vinakwenda kwa mdogo wake. Mzee wa ukoo aliyekuwa anagawa vitu aliitia bastola kwenye fungu hilo hilo kwa sababu ina mtutu. Mimi nilipewa masufuria, yaani niligawiwa vitu nilivyonunua mwenyewe, nikatakiwa nishukuru. Nilishukuru. Hasira ya kushukuru siku ile ninayo mpaka leo.

Bastola ile niliichagua mimi. Mume wangu alipigwa na kiharusi wakati wa palizi, mkono wa kulia ukafa na mdomo ukaenda upande. Akawa mtu wa kukaa uani kwetu mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, akitazama ukuta, na wageni wakaja kumpa pole mpaka pole zikamchosha kuliko ugonjwa. Katika usichana wangu nilipita JKT, jeshi la kujenga taifa. Nilikuwa nakumbuka kitu kimoja kutoka uwanja wa shabaha: ukilenga, huwezi kuwaza jambo jingine lolote. Nikamwambia tutanunua bastola ya upepo, atalenga kwa mkono wa kushoto. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Shemeji alipopata habari alikuja mbio kutoka Kisawasawa, anakolima, kutoa ushauri ambao hakuombwa.

"Shemeji, kama mnanunua, nunueni yenye nguvu. Inayoangusha kanga."

"Hatuwindi sisi. Tunalenga karatasi."

"Sasa bastola ya karatasi ya nini?"

Bonde hili lote ni hivyo. Ukitaja kitu chenye mtutu, mtu anakuuliza kinaua nini. Nilichoka kueleza, nikaacha.

Kibali chenyewe kilitutoa jasho. Kila meza tuliyopelekwa, maswali alielekezewa yeye, mtu asiyeweza kutamka vizuri, na mimi nimesimama hapo hapo na barua mkononi. Alipojitahidi kujibu walitazama saa zao. Nilijibu mimi, nao wakaandika kana kwamba amejibu yeye. Kibali kilitoka kwa jina langu kwa sababu yeye hakuweza kutia saini, na hata hilo walilifanya kwa kunung'unika.

Tukaenda Dar es Salaam. Kijana wa dukani alitangulia kuweka juu ya meza bastola nyeusi ya gesi, nzito, ya kupendeza macho.

"Hii ndiyo wanayoipenda wateja, mama."

"Gesi yake inapatikana wapi?"

"Mitungi ipo hapa hapa dukani."

"Na Ifakara?"

Nilimwambia atoe zote za bei ya chini alizonazo, aache kunichagulia. Kisha nikampa mume wangu ile nyeusi kwenye mkono wa kushoto, nikamwambia aunyooshe mkono, nami nikaanza kusali Salamu Maria kwa sauti ya kawaida, bila haraka. Mtutu ulianza kuinama kabla sijafika katikati ya sala. Ya pili ilikuwa nyepesi kidogo, ikafika mbali zaidi, halafu ikatetemeka. Ya mwisho kijana aliitoa chini ya meza kwa aibu. Ilikuwa ya springi, mshikio wa plastiki, unakunja mtutu ndipo inajikaza. Haihitaji gesi wala pampu. Mtutu wake ulikaa palepale mpaka Amina.

"Hiyo ni ya kujifunzia tu, mama," kijana alisema.

"Ndicho tulichofuata."

Nilinunua na risasi zake ndogo za kichwa bapa, maana zile zinatoboa karatasi tundu safi na unaona ulipopiga. Za kichwa kikali alizotaka kuniuzia ni za watu wa kanga.

Nyumbani mshikio ulimteleza. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia wote, na mahali pa kidole gumba nikauongezea mkunjo ili kipate pa kuegemea. Kila jioni mimi nilikunja mtutu, yeye akalenga karatasi iliyobandikwa kwenye gunia la pumba za mpunga lililoshindiliwa barabara. Akikosa, alitukana. Matusi yale yalitoka yamenyooka kuliko maneno mengine yote, nami niliyafurahia kama mtu anayesikia redio iliyokuwa imekufa. Kidole chake kikausugua ule mkunjo mpaka ukalainika na kung'aa. Baadaye wageni waliacha kumpa pole, wakaanza kumwuliza leo amepiga ngapi.

Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi. Na matanga yakaisha kama nilivyosema.

Wengine walinishauri niende polisi, kwa kuwa shemeji hana kibali. Mtu haanzi kumpeleka shemeji yake polisi wakati udongo wa kaburi bado mbichi. Lakini mpunga ulipoanza kutoa masuke hasira ilikuwa imenivimba, nikapanda bodaboda mpaka Kisawasawa. Nilimkuta shambani, juu ya dungu lake la kuwingia ndege. Aliteremka.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimefuata bastola yangu. Kibali kina jina langu, na wewe unajua."

Hakubisha. Aliingia kibandani akarudi na mfuko wa mbolea, akaitoa. Kipande cha spoku kilikuwa kimejitokeza mdomoni mwa mtutu. Alikuwa amekata spoku za baiskeli vipande vipande, akazishindilia kwa fimbo kama anavyoshindilia gobole.

"Kitu chenyewe kibovu, shemeji," alisema, kana kwamba mimi ndiye ninayedaiwa maelezo. "Hakiui hata tetere."

"Hakikununuliwa kiue."

Ndipo nikauona mshikio. Plastiki tupu.

"Mpira uko wapi?"

"Upi?"

"Uliofungwa hapa."

"Aa, ule uchafu?" Akagusa shingoni, alikokuwa amevaa manati. "Mpira mzuri, umelainika. Nimeufanyia manati."

Niliinama nikatazama. Kwenye ukanda mmoja, karibu na ngozi ya kuwekea jiwe, palikuwa na lile doa linalong'aa, lililosuguliwa na kidole cha marehemu. Kama ningeshikishwa ile nyeusi ya gesi wakati ule, mtutu ungeinama hata kabla sijaanza sala.

"Vua."

"Shemeji, ndege wanashuka sasa hivi. Nitawapiga na nini?"

"Vua."

Alivua. Bastola niliirudisha kwenye ule mfuko wa mbolea, manati nikaishika mkononi, nikapanda bodaboda. Nilikiweka kidole gumba changu kwenye lile doa; ni kidogo, hakilijazi. Nyuma yangu shemeji alikuwa ameanza kupiga debe na kupiga kelele kufukuza kundi lililotua mpungani, nami, Mungu anisamehe, niliwaombea ndege washibe.