Betri ya Tatu

Katika soko la Koboko yuko fundi anayetengeneza simu za kuchezea za watoto wadogo, zile zinazoimba namba na kutaja majina ya wanyama. Vidole vyake ni vinene, lakini bisibisi hutulia humo kama sindano mkononi mwa mshonaji. Kabla ya kugusa waya hutoa betri zote, vidude vya duara kama vifungo vya shati, na kuzipanga mezani. Akimaliza kazi hukaza parafujo ya kifuniko, kisha humtaka mama wa mtoto ajaribu kukifungua kwa kucha. Kikifunguka, anaanza upya.

Jumanne iliyopita Shamim, muuza vitambaa wa Midia, alimletea simu iliyonyamaza. Mtoto alikuwa mgongoni. "Hii inakula betri tatu," fundi alisema. "Hapa iko mbili. Ingine iko wapi?" Shamim alicheka. "Fundi, unauliza kama polisi! Weka ingine tu." Fundi alikuwa akimtazama mtoto. "Huyu amekula leo?" Kicheko kilikatika. "Amekataa uji. Anatoa mate tu." Fundi aliacha kibanda wazi, akasimamisha gari la abiria lililotoka Oraba, akawapandisha. "Arua, hospitali," alimwambia dereva. "Usijaze abiria. Mtoto amemeza betri."

Saa tisa alasiri Shamim alipiga simu. Madaktari walikuwa wameitoa.

"Analia?" fundi aliuliza.

"Analia mpaka nesi anamuogopa."

"Basi vizuri," alisema, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.