Sitoi Hata Kadi Moja

Mume wangu anaendesha lori kati ya Butembo na Beni. Barabara ile inakula watu, kwa hiyo akifika Beni hunibipia: simu inalia mara moja na kukatika, nami najua yuko mzima.

Zamani kampuni ya simu ilikuwa moja tu mtaani kwetu. Siku moja mnara wake ulizimika, mchana ukapita, bipu haikuja. Jioni mawifi zangu wakaanza kutoa viti uani, kama tufanyavyo penye msiba. Niliwakataza, wakasema uchungu umenipanda kichwani. Kesho yake, majirani wakiwa bado wanalia, lori likasimama mlangoni na marehemu akashuka.

« Ni nani alikufa? » akauliza.

Alikuwa amebipa mpaka kidole kikamuuma.

Nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni nikiwaka, nikawalaumu kwa mtandao wao. Mkubwa wao hakuinua hata macho.

« Mama, réseau ni moja tu. Kama hautake, utaenda wapi? »

Niliondoka, na maneno hayo yaliniuma kuliko mnara wenyewe.

Kisha kampuni ya pili ikaja kusimamisha mnara wake. Ajabu gani! Ile ya kwanza ikapata jenereta papo hapo. Vocha zikashuka bei, na mkubwa yule yule akaja sokoni ninakouza maharagwe ya kutoka Kipese, akigawa fulana na kuamkia watu. Aliona simu yangu ina kadi mbili, akataka niitoe ya wenzao.

« Mama, utoshe ile ingine. Sisi ni ba zamani, donc tuko famille. »

« Famille? Wakati tulikuwa tunalia mutu muzima, ulikuwa wapi? Miye natosha hapana, ata moja. Ya kwenu ibakie, mais iko na mwenzake. »

Wahenga wanasema wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Sikubali. Sisi tembo alitukanyaga alipokuwa peke yake. Waache wapigane, na fulana nilichukua.

Mume wangu naye ana kadi zote mbili. Wiki iliyopita mnara wa kwanza ulizimika tena. Wifi yangu mkubwa alikuwa kwangu. Saa zilipopita akainuka, akashika kiti kwa mikono miwili.

« Ikala! » nikamwambia, nikimwonyesha pa kukaa.

Alikuwa bado amekishika kiti bipu ilipoingia kwenye kadi ya pili.