Baraza Chini ya Dirisha la Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni alinipa sindano na vigae vya kioo, akanituma mtaa wa Malindi, hapa hapa Unguja, nikamtoe damu kidoleni mgonjwa aliyekuwa nyumbani kwake. Nyinyi wauguzi wa leo mna mashine. Sisi tulizihisabu chembe nyeupe za damu kwa hadubini, moja moja, mpaka jicho likatoka machozi.

Mgonjwa mwenyewe, Bi Zuhura, alikuwa karejea kutoka Bara alikopigwa mionzi ya saratani ya ziwa. Mionzi huua uvimbe, lakini ikipita kifuani hugusa na uboho wa mifupa, mnamozaliwa chembe nyeupe, na hizo ndizo zinazopigana na maradhi. Zake zilikuwa zimeshuka vibaya. Daktari Mkuu akaamuru asiingie mtu mpaka zipande, maana hata mafua yangeweza kumuua.

Haya, niambieni, Unguja hii nani humzuia mtu kumtazama mgonjwa? Walikuja na mabakuli ya uji, na mimi nimeketi mlangoni nimenuna. Nilisemwa, wallahi. Dada yake, Bi Mwana, alitoka Tumbatu akikohoa. Nikamrudisha bila hata kumweleza sababu. Nilijiona hodari.

Wiki ya pili Bi Zuhura akaacha kula. Nilimbembeleza, akageukia ukutani.

"Mtu asiyetazamwa keshazikwa, mwanangu," akasema. "Huo uji wampa nani?"

Nilishuka ngazi nalia. Nikamwendea Matroni, mwanamke mkali asiye na maneno mengi, nikamwambia amri inakataza watu kuingia, haikatazi sauti zao.

"Basi kafungue dirisha," akasema.

Nikamfuata Bi Mwana mtaa wa Ng'ambo, kwa jamaa zake alikofikia, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya damu. Tangu siku ile kila alasiri alikaa barazani, chini ya dirisha la nduguye, akimpazia sauti: nani kaposa, mbuzi wa nani kazaa, jirani gani kagombana na mumewe. Mtaa mzima ukayajua ya Tumbatu. Juu kule Bi Zuhura akicheka, na mimi namtilia uji kinywani. Wengine nao wakaja, wakapeana zamu.

Sisemi porojo ndizo zilizopandisha chembe. Ni siku kupita, na chakula, na Mungu. Lakini zilipanda.

Nimestaafu na umatroni wangu, na vidole nilivyovichoma havina idadi. Vingi nimevisahau. Sijaisahau asubuhi niliyoufungua mlango ule. Watu wote waliingia, Bi Mwana akabaki kizingitini. Kikohozi kilikuwa kishamwacha zamani. Nikamuuliza kulikoni, akaninyooshea mikono inayonukia sabuni.

"Nshakosha mara tatu. Itazame kwanza, mwanangu, isije ikamdhuru."

Machozi yalinitoka. Niliishika mikono ile nikaibusu. Akanambia nshaiharibu kwa busu langu, akarudi kukosha upya.