Ndevu Zilizochelewa Kuota

Mwaka ambao binti yetu alichaguliwa kwenda sekondari, mke wangu alipiga vigelegele mpaka majirani zetu wa mtaa wa Sakina wakatoka nje. Mimi nilikuwa ninakula ndizi. Nikamaliza sahani, nikanawa mikono, nikamwambia mtoto hongera. Nilijua ni jambo kubwa. Sikulisikia popote mwilini.

"Baba watoto, wewe unaumwa," mke wangu aliniambia kesho yake. Ndipo akanitajia mengine aliyokuwa ameyanyamazia: kwamba sijamgusa tangu mvua za vuli, kwamba ndevu nanyoa mara moja kwa wiki na bado hazionekani, kwamba nasinzia kanisani. Nilimsikiliza kama ninayesimuliwa habari za mtu mwingine.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, kiwanda cha umma nilikokuwa fundi kilikuwa kimebinafsishwa, tukapunguzwa. Nikapata kazi upande wa Usa River, kwenye mojawapo ya mashamba mapya ya maua yaliyofunikwa kwa nailoni. Miaka miwili nilibeba bomba mgongoni nikipulizia waridi dawa. Kisha nikafanywa msimamizi, nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti ndani ya stoo ya dawa. Nikala chipsi, nikanywa bia kila nikitoka kazini, nikanenepa. Watu walisema maisha yamenikubali. Usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilikuwa nawaza kupunguzwa tena.

Daktari ambaye mke wangu alinipeleka kwake alikuwa kijana mpole. Alinitoa damu, ikapelekwa kupimwa Nairobi. Majibu yaliporudi, alifunga mlango kwanza.

"Mzee, homoni ya kiume iko chini sana."

"Ni zile dawa za maua?" mke wangu akauliza kabla yangu.

"Huenda, mama. Siwezi kuapa. Kitambi nacho huishusha. Pombe, kukosa usingizi, mawazo, hata umri. Kwa mzee naona vimekutana vingi."

Mke wangu akalia. Mimi nilikuwa naangalia kalenda ukutani.

Niliomba kuhamishwa kutoka stoo. Meneja akakataa, nikaacha kazi, nikarudi kwenye ufundi wangu wa kuchomelea mageti kando ya barabara ya Nairobi. Bia niliiacha kwa sababu mke wangu alitaka. Mimi sikuwa nataka chochote. Kila asubuhi alinitoa tukatembea kuelekea Ngaramtoni, yeye akiongea njia nzima. Baada ya miezi mingi tumbo likapungua, na kipimo cha pili kikapanda kidogo. Daktari alifurahi. Nikamuuliza kama naweza kwenda.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha, mke wangu aliteleza, akakaa kitako kwenye tope, akaanza kucheka. Na mimi nikacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu. Akaacha kucheka, akanitazama.

"Hebu rudia," akasema.

Nikajaribu, hakikutoka. Nikamwinua, nikamfuta tope kwenye kanga, tukaendelea na safari yetu.