Nyumba Iliyopanda Lori

Mgeni alifika Jumapili asubuhi, Nana Evodia Huaroco akiwa barazani anachemsha mahindi kwa chokaa ili maganda yatoke. Hakubisha hodi. Alianza kugonga nguzo moja moja kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, na kila akigonga alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoa simu.

"Mama, ukisogea kidogo nitapata picha nzuri," alisema kwa adabu za mjini. "Bila watu."

"Bila watu?"

"Nyumba peke yake, mama. Kidogo tu."

Evodia alijifuta mikono kwenye aproni. Hakusogea. Nyuma ya mgeni alimwona Leobardo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ameshika kofia mkononi na kuwakazia macho kuku kama vile ndiyo mara ya kwanza kuwaona.

"Leobardo, huyu anapiga picha za nini?"

"Ah, shemeji, hayo tutayazungumza."

"Tuyazungumze sasa hivi. Mahindi ndiyo kwanza yanachemka."

Ikabidi aseme. Mgeni alitoka mji mkuu na alikuwa na kiwanja kando ya ziwa la Pátzcuaro. Alikuwa ananunua nyumba za mbao za zamani, anazifungua na kuzisimamisha huko, watalii walale humo. Hii ilikuwa imempendeza kuliko zote. Ardhi ni ya ukoo, alieleza Leobardo, na Eleuterio, Mungu amlaze pema, hakuacha mtoto wa kiume. "Lakini hatukutupi, shemeji. Tumeshakuandalia chumba kule nyuma, karibu na zizi. Kina bati jipya."

Evodia alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa ameolewa kijiji hiki cha juu milimani akiwa msichana, akazaa binti mmoja, na akamzika mume aliyekuwa mgema wa utomvu wa misonobari, aliyeteleza kutoka kwenye ngazi siku ya mvua. Miaka yote hiyo alipika korunda, yale mabumunda ya mahindi yenye pembe yanayofungwa kwa majani, akayauza kwenye soko la Alhamisi. Watu walimjua kwa upole. Leobardo naye alimjua kwa upole, na hapo ndipo alipokosea hesabu.

"Ardhi ni yenu," Evodia alisema. "Sijawahi kubishia hilo. Nyumba ni ya baba yangu."

"Nyumba iko juu ya ardhi, shemeji."

"Babu yangu aliifungua nyumba hii volkano ya Paricutín ilipoanza kumwagia moto mashamba yao. Akaipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ubao kwa ubao. Baba akanipa siku nilipoolewa, ikaja hapa kwa mikokoteni vilevile. Kama ilikimbia volkano, wewe Leobardo ni nani?"

Leobardo alicheka, maana mgeni alikuwa anasikiliza. "Haya, ichukue basi! Utaiweka wapi, hewani?"

"Nitakakotaka mimi."

Mgeni akashusha simu yake. Leobardo akamshika bega na kumwongoza kwenye gari huku akimnong'oneza kwamba wajane wako hivyo, wape wiki mbili tu.

Jioni hiyo Evodia alimpigia simu binti yake, Yunuén, aliyekuwa muuguzi Tacámbaro, mbali kule chini ambako hewa ina joto na migomba inaota uani.

"Mama, njoo leo leo," Yunuén alisema. "Beba nguo tu. Kitanda tutakununulia."

"Nakuja na kitanda."

"Sawa, njoo na kitanda."

"Na ukuta wa kukiegemeza. Na paa juu yake."

"Mama, unaniambia nini?"

"Nakuuliza, ule uwanja wenu wa nyuma mnakofuga bata, una upana gani? Nenda kaupime uniambie. Na bata uwatafutie pengine."

Kazi ya kufungua nyumba kama ile si ya kila fundi. Haina misumari, mbao nene zimechomekana zenyewe kwenye pembe, na ukianza kuivuta mahali pasipo pake unazipasua zote. Evodia alikwenda kwa Tata Abundio, seremala mzee ambaye matajiri wa mjini walimtumia kwa kazi hiyohiyo.

"Nimefungua nyumba nyingi, Nana," mzee alimwambia bila kuacha kupiga randa. "Kila moja nilipomaliza nilikunywa kwa majuto mpaka nikabebwa. Hii yako nitaifungua nikiwa na akili zangu timamu. Na usinitajie malipo, utaniudhi."

Siku ya kazi Leobardo alikuja na wanawe wawili wakasimama mbele ya baraza. Kijiji kizima kilichungulia kupitia nyufa za ua.

"Shemeji, nakuonya. Ukitoa ubao mmoja tu hapo..."

"Upi?" Evodia aliuliza. "Huu?"

Akauinua mlango kutoka kwenye bawaba zake, mlango wa mti mzito, akaubeba mgongoni kwa mtandio wake wa buluu kama wanawake wanavyobeba kuni, akapita katikati yao. Wanaume watatu walimpisha. Walimpisha kwa sababu mlango ulikuwa mpana, alisema Leobardo baadaye, lakini kila mtu alikuwa ameshaona.

Mwanzoni hakuna jirani aliyethubutu kusaidia. Halafu mwanamke wa nyumba ya pili alikuja na chungu cha uji wa mahindi, akisema amepita tu. Akabaki. Wakaja wengine, nao wamepita tu. Mpaka vigae vya mbao vinashushwa, wanawake walikuwa wamepanga mstari kutoka barazani hadi barabarani, wakipokezana huku wakitaniana.

"Evodia, mume wako alikuwa anaficha pombe wapi? Tumefika juu hatuoni kitu!"

"Tafuta vizuri, na ya mume wako imo humo!"

Tata Abundio aliweka alama za chaki kwenye kila kipande. Evodia alicheka na wenzake mchana kutwa, lakini nguzo ya mwisho ilipolala chini na mahali pa nyumba yake pakabaki uwanja wa mavumbi wenye alama nyeusi ya jiko, alienda nyuma ya lori akalia peke yake. Alilia kwa hasira kuliko huzuni. Akapenga kamasi, akarudi.

Lori lilikuwa la Chon, mwanamume mnene mwenye masharubu aliyezoea kubeba maparachichi. Aliuzunguka ule mzigo mara mbili.

"Nana, nimeshahamisha watu wengi. Hii ndiyo mara ya kwanza wanaohama hawaachi nyuma hata nyumba."

"Endesha, Chon. Maneno tutayamaliza njiani."

Waliondoka asubuhi, Evodia katikati, Tata Abundio dirishani, sanamu ya mbao ya mtakatifu San Isidro mapajani mwa Evodia. Lori lilishuka kona za msituni likilia, na mbao nyuma zikaitikia. Hawakuwa wamefika mbali walipokuta magogo yamelazwa barabarani na moshi wa moto ukipanda. Lilikuwa lango la Santa Cruz Tzararo, kijiji ambacho watu wake wanalinda msitu wao wenyewe kwa sababu wezi wa miti waliwahi kuumaliza nusu. Vijana wenye skafu usoni waliinua mikono. Mmoja aligonga ubavu wa lori kwa rungu.

"Shukeni! Tumepigiwa simu. Lori jekundu, mbao za wizi."

Chon alimtazama Evodia. Evodia hakuhitaji kuambiwa nani kapiga.

"Karatasi za mbao ziko wapi?" kijana aliuliza.

"Hazina karatasi," Evodia alisema. "Zina jiko na kitanda. Hizi si mbao, kijana, hii ni nyumba."

"Kila mwizi anasema hivyo. Shusheni mzigo wote hapo pembeni."

Tata Abundio alianza kubembeleza, mwanangu hivi, mwanangu vile. Chon naye alianza kusema kwamba yeye ni dereva tu. Evodia aliwaacha wote wakiongea.

"Chon, nishushie mlango na fremu yake. Na kigoda."

"Nana, si wakati wa..."

"Nishushie."

Wakashusha. Akaamuru fremu isimamishwe kando ya barabara, ikaegemezwa na mawe, mlango ukatundikwa mahali pake. Evodia akapita, akaufunga nyuma yake, akaketi juu ya kigoda huku mikono imekunjwa na San Isidro miguuni. Pande tatu nyingine palikuwa wazi na upepo unapita, na mtu yeyote angeweza kumzunguka kwa hatua mbili.

"Sasa," alipaza sauti, "anayetaka kukagua nyumba yangu abishe hodi kwanza. Sikulelewa kwa watu wa kuingiliwa nyumbani ovyo, na nadhani nanyi mna mama zenu."

Vijana walitazamana. Mmoja akaanza kucheka akazibwa mdomo na mwenzake. Nyuma ya lori magari yalianza kupanga foleni na kupiga honi.

Kiongozi wa zamu alikuwa mwanamke, Nana Balbina, mfupi, sweta la mwanamume, simu ya upepo kiunoni. Alitoka kwenye moto wake polepole, akautazama ule mlango, akamtazama aliyeketi nyuma yake. Kisha akagonga.

"Hodi, Nana."

"Karibu ndani," Evodia alisema, akaufungua. "Samahani, sina cha kukupa, jiko limo garini."

Balbina aliingia, akachuchumaa. "Nyumba nzuri. Ina hewa."

"Ikiwa kamili hupigwi na upepo."

"Nani anakuchukia hivi, hata atupigie simu alfajiri?"

Kabla Evodia hajajibu, gari la Leobardo lilisimama nyuma ya foleni, na mwenyewe akaja mbio, uso mwekundu. Hakumwona Balbina pale chini. Alimwendea kijana mwenye rungu.

"Ahsanteni, vijana, ahsanteni! Mmefanya kazi nzuri. Sasa geuzeni lori, hiyo nyumba ni mali ya ukoo wetu, na mnunuzi wake anasubiri."

Balbina aliinuka taratibu, akatoka mlangoni, akaufunga nyuma yake kwa heshima.

"Ni wewe uliyepiga simu?"

"Ni mimi, Nana."

"Alfajiri ulisema mbao za wizi, zimekatwa msituni kwetu. Saa hizi unasema nyumba yenu. Ni ipi?"

Leobardo aliutazama mzigo wa lori. "Yaani... ni mbao za nyumba."

"Zilizokatwa kwetu?"

"Hapana, hizi ni za zamani, za..."

"Za nani?" Evodia aliuliza akiwa kigodani. "Malizia, shemeji. Za baba wa nani?"

Honi zikanyamaza, hata madereva walikuwa wameshuka kusikiliza. Balbina alipanda gurudumu la lori, akainama juu ya ubao mmoja, akaunusa. Ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi, na moshi huo wala mvua haiutoi. Akateremka.

"Tuna watu waliokufa kwa ajili ya msitu huu," alimwambia Leobardo, na sasa hakuwa na mzaha hata chembe. "Simu yetu si ya kugombania urithi. Utakaa hapa na sisi mpaka jioni, utatupasulia kuni. Vijana, mrudishieni Nana mlango wake garini, kisha ondoeni magogo."

"Shemeji!" Leobardo aliita lori lilipowaka. "Unaiaibisha familia!"

Evodia aliinama mbele ya Tata Abundio, akatoa kichwa dirishani. "Ndiyo," alisema, na Chon akakanyaga mafuta.

Waliipita Pátzcuaro, wakaipita Santa Clara nyundo zikigonga shaba kwenye karakana, wakaanza kuteremka. Misonobari ikaisha. Tata Abundio akavua koti, kisha sweta, akilalamika kwamba anapikwa. Jioni waliingia Tacámbaro, na Yunuén alikuwa barabarani ameshika mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu mpaka dakika ile hakuwa ameamini.

Nyumba haikufika nzima. Ubao mmoja wa ukuta wa nyuma ulipasuka njiani, na vigae vingi vilivunjika hata ikabidi nusu ya paa iezekwe kwa vigae vya udongo vya huko huko. Majirani walinung'unika. Huku nyumba zote ni nyeupe zenye mkanda mwekundu chini, na hii nyeusi ya milimani ilikaa katikati yao kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shamba. Bwana mmoja wa mtaani alimshauri aipake chokaa ifanane na zingine.

"Wewe ipake yako nyeusi, zifanane," Evodia alimjibu.

Mvua ya kwanza ilivuja kitandani. Joto lilimsumbua, na miezi ya mwanzo aliuza korunda chache mno kwa kuwa hakuna aliyemjua. Kuna siku alimwambia binti yake kwamba anaukumbuka ukungu wa asubuhi hadi kifua kinauma. Lakini Yunuén alipomuuliza kama anajuta, alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa lugha ngeni.

Novemba ilipofika, siku ya kuwakumbuka wafu, alipanda basi akarudi kijijini, mikono imejaa maua ya njano ya wafu, mkate, mishumaa na chupa ya ile pombe ya Eleuterio. Alipita katikati ya barabara kuu mchana kweupe. Leobardo alikuwa makaburini na watu wake wote, wakipamba kaburi la baba yao, hatua chache tu kutoka la Eleuterio. Wote waligeuka kumtazama.

"Umekuja, shemeji," Leobardo alisema.

"Nimekuja kwa mume wangu."

Akapiga magoti, akang'oa majani, akamwaga maua. Hakuharakisha. Alimweleza Eleuterio habari zote kwa lugha yao ya milimani, kwa sauti ya kawaida, bila kuishusha: paa linavuja upande wa mashariki, bata wa Yunuén wamegeuza baraza kuwa kwao, na jirani mmoja, mjane kama yeye, ameanza kuja asubuhi kunywa uji. Akamimina pombe kidogo juu ya udongo, akajimiminia na yeye. Kisha akaketi pale pale, mgongo umenyooka, akawasha mishumaa yake.