Niliweka tairi za kipanya nyuma ili nibebe korosho, breki nusura ziue mtu Nambilanje

Wakuu, heshima kwenu. Hili ni langu mwenyewe, sijasimuliwa, na sijipaki rangi.

Kwenye miaka ya 2000 nilikuwa na station wagon ya Kijapani, nabeba abiria na mizigo kati ya Nachingwea na Ruangwa.

Sasa kwetu msimu wa korosho mwenye mzigo hakuulizi injini. Anazunguka nyuma, anaangalia gari imekaaje. Ikiwa imechuchumaa, anaenda kwa mwingine. Nilinyimwa mzigo mara mbili Naipingo, roho ikaniuma kweli.

Nikatafuta tairi mbili za kipanya, ile basi ndogo ya abiria. Rim namba 14 kama zangu, ila tairi lenyewe nene na refu. Nikafunga nyuma. Mbele nikaacha zile zile ndogo.

Gari ikainuka, nikajiona mjanja.

Siku hiyo hiyo taa ya ABS, ile ya breki kwenye dashibodi, ikaanza kuwaka na kuzima. Fundi wangu akaniambia rudisha size ya zamani, hiyo gari inasoma mzunguko wa kila gurudumu. Nikamwona ananionea wivu. Nikabandika selotepu nyeusi juu ya taa.

(Wanaosema "taa tu hiyo", nawajua. Nilikuwa mwenyekiti wenu.)

Wiki ya pili natoka Nambilanje na magunia, kuna mteremko wa changarawe. Chini yake mzee anasukuma baiskeli, anavuka. Nikakanyaga breki.

Pedali ikatetemeka mguuni, krrr krrr, gari inaendelea kwenda. Nakanyaga zaidi, inatetemeka zaidi. Honi nayo nimeisahau. Mzee akaachia baiskeli akarukia majanini. Gari ikaipanda baiskeli, ndipo ikasimama.

Nilishuka mbio. Mzee alikuwa mzima, kiwiko tu kimechubuka. Nikamwamkia, sijui hata kwa nini. Akaitikia, akaangalia baiskeli yake, akaangalia magunia yangu.

"Mwanangu," akasema, "ungeniua mimi kwa ajili ya korosho?"

Baiskeli nilimnunulia nyingine.

Fundi alinieleza bila kunicheka. Tairi kubwa huzunguka polepole kuliko dogo. ABS ikiona nyuma kunazunguka polepole, inadhani magurudumu yanajifunga, inayaachia breki wakati wewe unazihitaji. Ongeza mzigo, mteremko na changarawe, haya.

Niling'oa tairi zile siku hiyo hiyo. Lakini wakuu, utulivu haukurudi. Mpaka sasa kabla ya kuwasha gari yoyote nazunguka nasoma namba ubavuni mwa tairi zote nne, mke wangu anasema nimerogwa.

Funga size moja kote, ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Taa ikiwaka, nenda kwa fundi.

Wenye tairi mchanganyiko, semeni hapa: breki zenu mmezijaribu wapi? Mimi zangu nilizijaribia kwa mzee wa watu.