Marufuku ya Vigelegele

Ni mimi niliyepiga marufuku vigelegele Toronto. Si serikali, si madaktari, wala si mbunge wetu wa bunge la mkoa, mama mpole wa watu ambaye mpaka leo hajui nilimsingizia nini. Ni mimi, mwanafunzi wa darasa la tisa, nikiwa na suruali ya kulalia, nimejifungia ndani ya kabati la nguo kwa sababu humo sauti hutoka vizuri.

Subiri nieleze kabla hujanihukumu.

Kipindi cha korona mbunge alikuwa akiwatumia watu wa eneo lake barua pepe kila Ijumaa: nini kimefunguliwa, nini bado, kinyozi lini, mazoezi lini. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, ya maneno ya ofisini. Kanisa letu liko Mount Dennis, lina Wakenya, Wakongo na Warundi, na wamama wengi wana Kiingereza cha kazini tu. Wanajua "inua mkono", "umekula?" na "bosi yuko wapi". Mke wa mchungaji akamwomba mama yangu msaada, na mama akaniomba mimi. Kuniomba kwenyewe kulikuwa hivi: "Wewe unayeongea kutwa nzima bure, leo utaongea kitu cha maana."

Basi kila Ijumaa nikawa nasoma barua, naigeuza Kiswahili, naituma kwa sauti kwenye kikundi cha kanisa. Nilitoka Nakuru nikiwa na miaka tisa, kwa hiyo Kiswahili changu hakikuwa kimeganda kama cha wenzangu waliozaliwa huku, ambao mama zao huwasemesha dakika kumi wao wakajibu "okay". Nikajipa sauti ya taarifa ya habari, nzito, ya mtu mwenye kitambi. Wamama wakaipenda. Wakaanza kuniita mtangazaji. Hata mchungaji, ambaye kabla ya hapo alinijua kama yule kijana anayesinzia kwenye maombi, aliniita mtangazaji.

Kumsifu mtu kama mimi ni kosa. Nasema tu.

Ijumaa moja ikaja barua nzuri kuliko zote. Mbunge aliandika kwa furaha, ungedhani naye alikuwa amefungiwa nyumba moja na wajukuu wasiolala. Masharti yanalegezwa, alisema. Ibada ndani ya jengo, ruksa. Harusi, ruksa, mradi watu wavae barakoa na wakae mbalimbali. Nikasoma yote bila kukosea hata neno. Halafu mwishoni kabisa mdomo wangu ukaendelea wenyewe:

"Hata hivyo, mbunge anasikitika kutangaza kwamba vigelegele bado vimepigwa marufuku mpaka hatua ijayo, kwa kuwa ulimi unaotikisika hurusha mate kuliko wimbo wa kawaida. Mama atakayezidiwa na furaha anashauriwa kupigia kigelegele chake ndani ya mto wa kulalia."

Ndani ya mto! Nilijua hapo kila mtu angeshtukia. Nikatuma, nikakaa nikisubiri vicheko.

Zikaja amina. Amina moja, amina ya pili, picha za mikono iliyokunjwa ya kuomba. "Mungu atusaidie." "Hata hili litapita." Kiongozi wa kwaya, mama wa Bukavu mwenye sauti ya kusimamisha treni, akajibu kwa sauti, akiniita mdogo kwa Kifaransa chake: "Asanti, petit. Kama si weye, polisi wangetuonyesha mambo."

Usiwacheke. Ulikuwa ni wakati ambao sakafu ya duka ilikuwa na mishale ya kukuonyesha uelekee wapi kutafuta nyanya, na ukienda kinyume mzungu mzee anakukoholea kwa hasira. Watu walisalimiana kwa viwiko. Kuimba kanisani kulikuwa kumekatazwa kweli, si utani. Kwa hiyo vigelegele kukatazwa kulikuwa kunaeleweka kabisa. Nadhani hata mimi ningeamini, kama nisingekuwa mimi.

Mama naye aliamini. Barua alikuwa nayo kwenye simu yake mwenyewe, lakini alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu juu ya zamu, akirudi nyumbani Downsview na alama za barakoa usoni kama amelalia waya. "Nina mtoto wa kunisomea," alikuwa akisema, "nisome tena ya nini?" Nikataka kumwambia. Haki nilitaka. Lakini siku iliyofuata akarudi kutoka kazini akiwa na habari.

"Unajua yule mwenzangu wa Thornhill, yule wa Mombasa? Na wao, kwenye kikundi cha wamama wa msikiti wao, wamepata tangazo. Vigelegele hakuna."

"Wamepata kutoka wapi?" nikauliza.

"Kutoka kwa serikali. Sauti ya mwanamume mzito hivi, anasema kwa utaratibu. Siyo wewe, wewe unatusomea tu."

Nilipotazama simu yangu, ile sauti ilikuwa imesambazwa mara nyingi mpaka simu yenyewe ilikuwa inaonya.

Ningeweza kuiacha iishe yenyewe, kama kila ujinga wangu. Shida ni kwamba mama mdogo alikuwa anaolewa.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, na harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili na korona. Gauni lilikuwa limekaa nyuma ya mlango wa chumba chetu muda mrefu mpaka nikawa nalisalimia. Bwana harusi alikuwa anafanya kazi kwenye ghala lililo mtaa wa nyuma yetu, mtu mtaratibu, na alikuwa amekubali kila sharti bila kulalamika. Mama mdogo pia alikuwa amekubali yote: watu wachache, chakula kwenye vikasha, hakuna kukumbatiana. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuuma. Nyanya yangu, mama yao, alikuwa Nakuru na asingeweza kuja, na macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba kwenye simu alikuwa anaona weupe tu na kitu kinachosogea.

Jumapili hiyo nyanya akapiga simu. "Mimi msinisumbue na hiyo picha yenu," alisema. "Mniwekee sauti. Nikisikia vigelegele nitajua mwanangu ameolewa, nami nitavipokea huku."

Mama akamweleza taratibu kwamba serikali ya huku imekataza.

"Serikali imekataza watu kufurahi?"

"Ni kwa muda, mama."

"Basi mtanitumia ujumbe," nyanya akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mama mdogo akaingia bafuni, akafungua maji ya bomba akayaacha yatiririke. Hakuna aliyekuwa anaoga.

Mimi ni mtu wa mzaha, lakini maji yale niliyasikia.

Jumatatu, badala ya kusikiliza somo la jiografia, nikapiga simu ofisi ya mbunge. Mpango wangu ulikuwa wa werevu: nipate jibu rasmi, nilitangaze, nionekane shujaa, na hakuna atakayejua kwamba moto niliuwasha mimi. Akapokea kijana mmoja mwenye adabu sana. Nikamuuliza kama vigelegele vinaruhusiwa harusini.

"Samahani, hivyo ni vitu gani?" Tuliongea kwa Kiingereza, lakini hapo ndipo Kiingereza changu kiliponikimbia.

"Ni sauti. Wanawake wanapiga wakifurahi."

"Ni wimbo?"

"Hapana. Ni kama kengele ya mlango, lakini ina furaha."

"Unaweza kunipa mfano?"

Nikampa. Sauti yangu wakati huo ilikuwa inavunjika. Ilitoka kitu kati ya mbuzi na paipu ya maji. Nikasikia mtu mwingine ofisini akiuliza kama kila kitu kiko sawa. Yule kijana hakunicheka, namheshimu mpaka leo. Alisema atauliza na ataniandikia.

Jumatano akaandika. Hakuna sharti lolote linalokataza sauti hiyo, alisema, mradi watu wabaki na barakoa na wakae mbalimbali. Ofisi nzima inampongeza bibi harusi.

Nikakimbilia kabatini. "Habari njema! Mbunge amelegeza masharti ya vigelegele! Kuanzia sasa ni ruksa, barakoa ikiwa usoni!"

Nilingoja amina. Akajibu kiongozi wa kwaya, ambaye kwao Jumatano ni siku ya tatu: "Petit, mbunge haandikaki siku ya tatu. Mbunge ni Ijumaa. Usicheze na sheria, utatuletea balaa." Mama mwingine akaongeza, "Huyu mtoto ni mtani, mimi namjua." Mke wa mchungaji akamaliza maneno: wameshashona vitambaa vyeupe vya kupunga badala ya vigelegele, na vimependeza, tumshukuru Mungu.

Hebu fikiria. Uongo wangu waliupokea kwa maombi. Ukweli wangu wakaukataa kwa kalenda.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, kusema nilichofanya, na njia hiyo niliizunguka Alhamisi, nikaizunguka Ijumaa, na Jumamosi nikajikuta kanisani na tai ya kubana, nimepewa kazi ya kushika simu ili nyanya asikie.

Viti vilikuwa vimepangwa mbalimbali kama vimegombana. Mama mdogo aliingia, na nilipomwona nikasahau kwamba ni mtu aliyewahi kunirushia kandambili. Wakaapa. Pete ikagoma kidogo, ikaingia. Mchungaji akasema sasa ni mume na mke.

Na wamama wote wakasimama, wakapunga vitambaa. Bila sauti. Vitambaa vyeupe vikienda huku na huku, na macho juu ya barakoa yakitoa machozi. Kama ungetazama, ni kweli kilikuwa kitu kizuri. Lakini mkononi mwangu kulikuwa na mtu asiyeona.

"Halo?" nyanya akasema. "Halo? Imekatika? Bado hajaolewa?"

Mama mdogo alisikia. Kila mtu alisikia. Akageuka kuitazama ile simu, na uso wake ukaanza kubadilika.

Sijui niliamua saa ngapi. Nilichojua ni kwamba ulimi wangu ulikuwa umeshaanza, ndani ya barakoa, kwa nguvu zote, ule ule mbuzi wa ofisi ya mbunge. Kanisa zima likanigeukia.

"Kijana!" mchungaji akasema. "Mbunge amekataza!"

"Si mbunge," nikasema. "Ni mimi. Niliongeza mwenyewe. Ulikuwa utani. Ile ya mto pia ilikuwa ya kwangu. Hakuna aliyekataza kitu, nimeuliza ofisini, nina barua hapa. Nisameheni. Mama mdogo, nisamehe. Nyanya, ameolewa, ni mimi niliyekunyima."

Barakoa ilikuwa imemfunika mama mdomo na pua, lakini macho yake yalitosha kunisomea hukumu yote.

Kiongozi wa kwaya akanitazama. "Mimi," akasema polepole, "nimelala na huo mto wiki nzima najiuliza nitaupeleka aje kanisani." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akarudisha kichwa nyuma, na kigelegele kikatoka. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Madirisha yalisikia. Kabla hajamaliza pumzi, wamama wa Kenya wakadakia kwa mtindo wao, Warundi kwa wao, vitambaa juu, vinashuka, vinapanda, na bibi harusi mwenyewe akipiga, kitu ambacho bibi harusi hafanyi, na bwana harusi mtaratibu akipiga makofi nje ya mdundo.

Nikainua simu juu kadiri mkono ulivyofika. Kutoka ndani yake, kutoka Nakuru, kikaja kigelegele chembamba cha mzee, kikakatika kwa kikohozi, kikaanza tena. Halafu nyanya akacheka, na mama mdogo akaichukua simu mikononi mwangu akaiweka kifuani, juu ya lile gauni.

Vikasha vya chakula vilipokwisha kugawiwa, mama alinipata kwenye maegesho. Aliingia garini, akavua viatu, akashusha barakoa. Nilikaa kiti cha mbele kama mshtakiwa. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Sikuchapi, kwa sababu leo mama yangu amecheka, na ni muda sijamsikia akicheka. Lakini kesho utawapigia simu wote uliowadanganya, mmoja mmoja, mpaka Thornhill. Na Ijumaa utasoma barua kama kawaida, kwa sababu wamama wananiuliza kama utaendelea, sijui umewalisha nini. Nitakuwa nimekaa kando yako. Ukiongeza neno moja tu, moja, nitakupeleka kwa huyo mbunge umpigie hicho kitu chako cha mbuzi mbele ya macho yake. Haya, funga mkanda, twende."